Killers of the Flower Moon: msiishie kwenye hukumu jamani

Kila ninayeongea naye kuhusu hiki kitabu cha David Grann ananiambia yaleyale, eti sehemu mbili za kwanza ni moto ila ya tatu imepoa, mwandishi angefunga pale kesi ilipoisha. Mi nakataa, tena nakataa kabisa.

Kwa ambao hamjakisoma, kilitoka 2017 na ni mambo yaliyotokea kweli, ila kinasomeka kama riwaya ya upelelezi. Ni jimbo la Oklahoma, Marekani, miaka ya 1920, kabila la Osage, wenyeji wa asili wa Marekani, wana utajiri wa kutisha kwa sababu ya mafuta yaliyo chini ya ardhi yao, kila aliyeandikwa kwenye orodha ya kabila ana fungu lake na hilo fungu haliuzwi, linarithiwa tu. Ukishika hapo kwenye kurithi umeshashika kitabu kizima. Watu wanaanza kufa mmoja mmoja, huyu risasi, yule sumu, nyumba nyingine inalipuliwa usiku na waliolala ndani.

Tunayemfuata ni Mollie Burkhart, mwanamke wa Kiosage. Mei 1921 dada yake Anna anakutwa korongoni, mwili umeshaharibika hatambuliki, Mollie anamjua kwa blanketi lake na kwa nguo alizomfulia yeye mwenyewe. Aisee hapo nilifunga kitabu kwanza. Halafu wanakuja madaktari wawili, mtu na ndugu yake, wanapasua kichwa palepale kutafuta risasi na wanasema haionekani. Hiyo risasi msiisahau.

Makachero wa serikali kuu wanaingia 1925, mkuu wao J. Edgar Hoover anamtuma Tom White, Texas Ranger wa zamani, yaani askari wa jimbo la Texas, na enzi hizo hata jina la FBI, ambalo idara hiyo ya upelelezi ilikuja kuitwa, halijaanza kutumika. Hii sehemu ni tamu sana na haina mbwembwe za kwenye sinema, kijana mmoja anajifanya muuza bima na anawauzia watu bima za kweli kabisa ili tu apate kukaa sebuleni kwao asikilize maongezi. Na ile ya mamlaka ya kesi ndo ilinifundisha zaidi, maana mahakama za jimbo hazikuaminika, hofu ilikuwa wazee wa baraza watahongwa, kwa hiyo wakang'ang'ania kesi ya Henry Roan, Mwosage mwingine, kwa sababu yeye aliuawa kwenye ardhi ya Osage iliyokuwa chini ya serikali kuu.

Kasoro ipo, majina ni mengi mno, ilibidi niwe na karatasi pembeni. Na kama umeona filamu ya 2023 ujue yenyewe inakuonyesha wabaya mapema, kitabu kinakuficha muda mrefu, kwa hiyo wahi kitabu kwanza.

Sasa hiyo sehemu ya tatu. Grann mwenyewe anaenda kukaa na wajukuu wa waliouawa, anachimba kwenye nyaraka, na anakuta daftari la wasimamizi, wale watu weupe waliokabidhiwa kusimamia hela za Waosage kana kwamba watu wazima hawawezi kushika hela yao. Jina la msimamizi, chini yake majina ya aliowasimamia, na pembeni ya jina neno moja tu, amekufa. Jina linalofuata, amekufa. La chini yake, amekufa. Kumbe ile hesabu rasmi ya watu kama 24 ilikuwa sehemu tu, na makachero waliposhangilia ushindi waliacha familia nyingi hazijui mpaka leo nani alimuua bibi yao. Mtu anaisomaje hiyo akasema imepoa?

Nakala yangu nimemwazima tena rafiki yangu aliyeishia kwenye hukumu, nimemwekea karatasi pale sehemu ya tatu inapoanzia.