Historia ya kivinjari inapoulizwa tarehe: Chrome na Firefox katika steshenari ya Moshi

Katika steshenari yangu iliyo karibu na stendi ya Moshi kuna kompyuta mbili, moja ina Chrome na nyingine ina Firefox, na kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kuvipima vivinjari hivi kwa jambo lolote zaidi ya kufungua kurasa. Sababu ilikuja katikati ya Novemba, alipoingia mama mmoja kutoka Kibosho akilalamika kuwa chuo kimeyakataa maombi ya kijana wake kwa madai kwamba yalifika baada ya dirisha kufungwa. Aliyeyajaza ni mimi. “Mwanangu, nilikulipa siku ileile,” alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. “Sasa niambie, uliyatuma lini?”

Kwa kuwa sikukumbuka nilitumia kompyuta ipi, nilianza na Chrome. Ukibonyeza Ctrl na H, kurasa zote hujipanga kwa siku, kila moja ikiwa na saa yake pembeni, na juu kuna kisanduku cha kutafutia. Kwa swali la jana au la mwezi uliopita, sijaona kinachoizidi kwa wepesi. Kasoro yake ni kwamba hutunza historia ya siku 90 tu. Orodha ilikomea katikati ya Agosti, ilhali maombi yalikuwa ya Julai.

Firefox haina kikomo hicho cha siku. Ctrl, Shift na H hufungua dirisha la maktaba yake, ingawa safu ya tarehe ya kutembelea ukurasa imefichwa na ni lazima uiwashe mwenyewe kwenye menyu, jambo ambalo hadi leo naliona la ajabu, kwani anayefungua historia anatafuta nini kama si tarehe? Nilipoandika anwani ya chuo, tarehe iliyotokea ilikuwa ya jana yake. Nilishtuka, kisha nikaelewa: safu ile huonyesha mara ya mwisho tu, na tovuti ya chuo hicho naifungulia wateja karibu kila wiki. Kilichonisaidia ni ukurasa wa uthibitisho, ule unaotokea baada ya fomu kupokelewa. Anwani yake ilikuwa na namba ya maombi ya kijana, kwa hiyo ulikuwa umefunguliwa mara moja tu: 9 Julai, 17:47, yaani saa 11:47 jioni kwa mazoea yetu.

Mwenye subira anaweza kuchimba zaidi. Firefox huandika kila ziara, si ya mwisho peke yake, katika faili liitwalo places.sqlite, ambalo ukilinakili baada ya kufunga kivinjari unaweza kulisoma kwa programu ya DB Browser for SQLite. Muda umeandikwa kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, hivyo baada ya kuugeuza huna budi kuongeza saa 3 ili upate saa ya Tanzania. Chrome nayo ina faili la namna hiyo, ila yenyewe huhesabu tangu mwaka 1601.

Ushahidi huu una mipaka. Dirisha la faragha haliachi kumbukumbu yoyote katika historia, na tarehe yenyewe hutokana na saa ya kompyuta. Yangu ya zamani iliwahi kurudi nyuma miaka kadhaa betri ndogo ya ndani inayoitunzia saa ilipokufa.

Nilichapa picha ya skrini, mama akaikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Tangu siku hiyo fomu zote za maombi tunazijaza kwenye Firefox, na Chrome tumeiachia kazi za kuchapa tiketi na matokeo ya mitihani, ambazo baada ya miezi mitatu hakuna anayeziulizia.