Kipima hatua kwa mgonjwa wa kiharusi: kipi ununue, ukivae wapi

Mama alipoanza kusimama tena baada ya kiharusi, nilikimbilia soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikamnunulia saa janja ya kuhesabu hatua. Akatembea na bakora yake kutoka mlangoni hadi kwenye mparachichi, mimi nahesabu kwa mdomo: hatua 60. Saa ikaonyesha 11.

"Hii saa yako inaninyima hatua zangu," akasema, akaenda kukaa.

Saa haikuwa mbovu. Vifaa hivi husoma mtikisiko, na vya mkononi vimezoea mtu anayetembea haraka akirusha mikono. Mama mkono mmoja umejikunja kifuani, wa pili umekamata bakora. Sasa kitikisike nini? Nilipoifunga kwenye kifundo cha mguu wenye nguvu, njia ile ile ilisoma 57. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kama kitafungika mguuni. Mimi ningevipanga hivi.

Namba moja ni bangili nyembamba ambayo kidude chake kinachomoka kwenye mkanda, kama Xiaomi Smart Band. Mpelekee fundi cherehani akushonee mkanda wa kifundoni wa kubandika na kubandua, kama ule wa viatu vya watoto. Mkanda wa tundu na pini unataka mikono miwili, na mgonjwa anao mmoja. Chaji inakaa zaidi ya wiki, hivyo umeme ukikatika Uyole hamna wasiwasi. Usiufunge kwenye mguu ulioathirika, kwa sababu ngozi inaweza kubanwa hadi ichubuke na mwenyewe asihisi. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, funga juu ya soksi. Hatua zitahesabiwa tu.

Ya pili ni simu uliyonayo. Haikugharimu kitu, ila inamfaa mwenye suruali yenye mfuko wa kubana. Mama anavaa kitenge. Tuliifunga kwenye pindo, ikaangukia zege.

Ya tatu, kile kidude cha kubana kiunoni. Ni rahisi na hakihitaji simu, lakini mtu anayejikokota hukipita bila kusomeka. Kwa aliyekwisha changamka, sawa.

Ya nne, saa kubwa za gharama. Apple Watch ya kawaida, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, inakaa na chaji saa 18 hadi 24 kutegemea toleo. Nani atakumbuka kuichaji kila usiku?

Mwisho kabisa ni saa zile zinazopangwa chini kwenye turubai, zinazodai kupima hata presha. Nyingine ukikaa kwenye bajaji njia ya makorongo zinakuhesabia hatua. Presha ya mtu aliyepata kiharusi si ya kubahatisha: nunua mashine ya kufunga mkono wa juu.

Popote utakaponunua, jaribu hapo hapo. Tembea taratibu hatua 50 kwa mwendo wa mgonjwa wako, ulinganishe. Muuzaji akinuna, nenda duka la jirani.

Na lile lengo la hatua 10,000 kwa siku utakalolikuta kwenye programu ya kifaa, lifute. Lilivuma kutokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si kwa vipimo vya wagonjwa. Andika hatua za wiki ya kwanza, umwonyeshe mtaalamu wa fiziotherapia, yeye ndiye aseme ziongezwe ngapi. Mama alianza na 700 kwa siku. Juzi ameteremka mwenyewe hadi dukani kwa jirani. Kupandisha kilima tulirudi kwa bajaji, bangili tukaivua kwanza.