Ofisi ya uhasibu iliyoanza kwa kuuliza mashudu

Tuna mashine ya kukamua alizeti Kizota, Dodoma, kampuni ya familia aliyoiacha marehemu baba. Mama ndiye mwenyekiti wa bodi, kaka yuko Mwanza na hisa zake, mimi ndiye ninayeshinda kiwandani. Miaka yote hesabu tulikuwa tunatengenezewa na mtu wa kuitwa mwezi wa sita: anabeba risiti za mashine ya EFD na karatasi za benki, anarudi na kitabu cha kupeleka TRA, mamlaka ya kodi, imeisha hiyo. Kaka akipiga simu kuuliza faida iko wapi, hakuna wa kumfungulia ukurasa akamwonyesha.

Mwaka jana tukahamia kwenye ofisi ya wahasibu iliyo ghorofani, jirani na Soko la Majengo. Dada aliyekuja kiwandani risiti hakuzigusa. Aliomba daftari la mizani, akatazama kilo za alizeti zilizoingia na lita za mafuta zilizotoka, akapiga hesabu pembeni ya karatasi. Kisha: "Kaka, na mashudu yako wapi?"

Mashudu, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, tunawauzia wafugaji, gunia kwa gunia, taslimu. Hela hiyo ndiyo iliyokuwa ada, mchango wa harusi, dizeli ya dharura, nauli ya mgeni wa mama. Hakuna aliyeiba, ila haikuwa na jina la mtu, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kuichota. Kwenye vitabu ilikuwa haionekani kabisa, wakati mbegu iliyoyatoa hayo mashudu tuliilipia yote.

Sasa kila mwanafamilia ana ukurasa wake kwenye leja. Ukichukua, unaandikwa wewe. Anayefanya kazi analipwa mshahara na kukatwa PAYE, kodi ya mshahara. Mwenye hisa tu anasubiri gawio, yaani fungu lake la faida, nalo likatwe kodi ya zuio asilimia 10 kabla hajalipwa. Kikao ni kila robo mwaka, tunapolipa awamu ya kodi ya makadirio, na muhtasari unasainiwa. Kwangu hapa ndipo hela tunayowalipa wahasibu ilipofanya kazi. Kaka siku hizi anapiga simu kusalimia.

Jambo jingine la kuwasifu: walikataa kutukagua. Walisema waliotengeneza vitabu hawawezi tena kuvikagua wenyewe, tutafute mkaguzi mwingine aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Ni gharama juu ya gharama, na mama alinuna, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Malalamiko ninayo. Taarifa yote imeandikwa Kiingereza, wakati mwenyekiti wetu anasoma Kiswahili. Kwenye kikao mama aliweka kidole kwenye mstari mmoja: "Hii milioni sita nani kachukua?" Ilikuwa uchakavu wa mashine, yaani thamani iliyopungua kwa kutumika, si hela aliyochukua mtu. Yule dada akaeleza vizuri sana, mpaka mama akauliza mbona hatujaanza kuiwekea akiba mashine mpya, swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Lakini maelezo hayo yalitakiwa yawe kwenye karatasi, yasitegemee aliyekuja siku hiyo.

Pili, rasimu ilifika katikati ya Juni. Mwaka wetu wa hesabu unaishia Desemba, ritani ya kodi mwisho wake ni tarehe 30 Juni, na Juni ni msimu: malori yamepanga foleni getini, mimi natakiwa nikae nipitie mizania. Wanajua tunakamua alizeti, Aprili ingewezekana.

Bei ni laki tatu kwa mwezi, mkaguzi mbali. Kama unafanya biashara kwa jina lako na mauzo hayafiki milioni 100 kwa mwaka, usijisumbue. TRA watakukadiria kwa mauzo, daftari safi linakutosha. Kwa kampuni yenye ndugu wanne na mashine moja, nawapa nyota nne. Tumeongeza mwaka mmoja, kwa sharti kwamba muhtasari wa Kiswahili na tarehe ya rasimu viandikwe kwenye mkataba.