Barton, programu ya kusoma Kiingereza, kwa kijana wa sekondari mwenye disleksia anayesomea nyumbani Tanga: inafaa, ila haiji tayari

Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutahajia usiotokana na uvivu wala ujinga, anaweza kufika darasa la saba hapa Tanga bila mtu kushtuka. Kiswahili humsitiri: herufi moja sauti moja, ba be bi bo bu, na hata akisoma polepole na kuchanganya b na d, neno atalitoa. Kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, na "though", "through" na "tough" zinamuumbua. Ndiyo maana wazazi wengi huanza kutafuta mtaala wa nyumbani mtoto akiwa tayari na miaka 14 au 15, na wengi hutafuta mmoja utakaofanya yote. Haupo. Programu ya kumfundisha kusoma ni kitu kimoja, masomo ni kitu kingine. Vinunuliwe mbalimbali, na Biolojia isisubiri hadi kusoma kukae sawa.

Kwenye kusoma, kura yetu inakwenda kwa Barton Reading & Spelling System ya Susan Barton wa Marekani. Imejengwa juu ya njia ya Orton-Gillingham: sauti zinafundishwa wazi, kwa mpangilio, na mwanafunzi anaona, anasikia na anagusa kwa wakati mmoja. Ngazi ni 10. Ya kwanza haina herufi hata moja, ni vigae vya rangi tu. Ya 10 inafundisha mizizi ya Kilatini na Kigiriki, ile inayofungua maneno kama "photosynthesis". Mzazi si lazima awe mwalimu, maana kila ngazi ina video za kumfundisha yeye kwanza na maneno ya kusema kipindi kizima. Halafu haina vikatuni. All About Reading, programu nyingine ya kusoma, ni nzuri, lakini hadithi na michoro yake ni ya watoto wadogo. Kijana wa miaka 15 hatakubali kuonekana nayo mbele ya wadogo zake. Programu dada ya hiyo, All About Spelling ya tahajia yenye ngazi 7, haina utoto huo, na kama shida kubwa ni kuandika kuliko kusoma, anzia hapo. Programu ya tatu, Wilson yenye hatua 12, inawafaa wakubwa, ila inataka mwalimu aliyesomea njia hiyo. Kama hapatikani, achana nayo.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio ya kupima yaliyopo bure kwenye tovuti ya Barton. Kuna la mwanafunzi na kuna la anayemfundisha. Hapa ndipo familia nyingi za huku hukwama, na sababu yake ni sikio. Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo "bat" na "but" zinasikika kitu kimoja, "ship" na "sheep" vilevile. Mama au mjomba anayeangushwa na jaribio hana kasoro; sikio lake ni la Kiswahili. Ajipe wiki mbili, dakika 10 kila siku, na kamusi ya simu inayotamka. Aandike jozi kwenye kadi, asikilize na kuonyesha kidole kadi sahihi bila kusema chochote. Akianza kupatia karibu zote, ndipo atamke.

Mwanafunzi naye anaweza kuanguka kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo mpime na kwa Kiswahili. Mwambie: sema "pata", sasa ondoa /p/ uweke /k/. Asipofika kwenye "kata" hata baada ya mifano mitatu, tatizo limezidi ugeni wa Kiingereza, na atahitaji kazi ya sauti kabla ya ngazi ya kwanza.

Kosa jingine la kwetu hujitokeza ngazi ya tatu, konsonanti zinapofuatana. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo kijana anaona "milk" anasoma "miliki", tena kwa kujiamini, kwani ni neno analolijua. Usimwambie "rudia". Mwache aguse kigae kimoja kimoja na kutoa sauti yake: /m/, /i/, /l/, /k/. Kisha muulize umegusa vigae vingapi, na ni kipi kimetoa ile /i/ ya mwisho. Atatafuta, hatakiona. Kulishika jambo hili kunaweza kuchukua vipindi vingi, na ukiruka utakutana nalo tena kwenye tahajia, "hand" ikiandikwa "handi".

Ngazi ya saba ni ya irabu zinazofuatwa na R. Video zinatamka R ya Kimarekani kwenye "car" na "her", sisi huku R hiyo tunaimeza. Kubalianeni kwamba kipindini R inasikika ili aikumbuke akiandika, nje ya kipindi aongee anavyoongea.

Bei ndiyo inayouma: mamia ya dola kwa ngazi moja, na bado usafirishaji na ushuru. Nunua ngazi moja, mkiimaliza ndipo ununue nyingine; zilizotumika zinapatikana, na yako unaweza kuiuza. Vigae vya akiba kata kwenye manila, steshenari za Ngamiani watakulaminishia, vinginevyo kwa unyevu wa hapa pembe zinavimba mapema. Bandika sumaku nyuma na utumie sinia la bati, la sivyo feni itavipeperusha katikati ya neno. Vipindi viwili vya saa moja kwa wiki ndicho kiwango cha chini. Kwa mwendo huo, ngazi zote 10 zinaweza kula zaidi ya miaka mitatu, kwa hiyo aliye karibu na mtihani afanye vinne.

Kwenye masomo, mtihani ndio uamue. Anayesomea nyumbani bila kupita shule hufanya QT (Mtihani wa Maarifa) kwanza, kisha Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hapo silabasi ni ya Tanzania. Mitaala ya Marekani, hata iwe mizuri vipi, haitamfikisha. Anayelenga IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari kutoka Uingereza, aulize kituo cha mtihani mapema kuhusu muda wa ziada, kwa kawaida asilimia 25, maana huombwa kabla na kwa ushahidi wa kitaalamu.

Vitabu vya silabasi asikilizishwe. Ukurasa uliopigwa picha ni picha tu, kisoma-maandishi, yaani programu ya simu inayosoma maandishi kwa sauti, hakiuoni. Upitishe Google Lens kwanza, ndipo simu isome. Asikilize huku akifuata kwa kidole. Fonti maalumu na karatasi za rangi usizitolee hela, ushahidi wake ni dhaifu.

Hisabati, Teaching Textbooks, programu ya Kimarekani ya kompyuta, inasoma maswali kwa sauti na kueleza hatua, lakini imejaa inchi na dola. Iwe msaada wa pembeni. Tena karatasi za Basic Mathematics za miaka iliyopita zimeruhusu majedwali na kukataza kikokotoo, na kijana mwenye disleksia huteleza mstari akisoma jedwali la logi: anaanza kwenye 35, anamalizia kwenye 36. Mpe rula ya mbao, ailaze chini ya mstari. Ya plastiki angavu haifai, mistari ya chini inaonekana palepale.