Anki kwa mwanafunzi wa udaktari: programu nzuri, watu wanang'oa breki zake

Mwanafunzi wa MD hamalizi muhula wa kwanza bila kuambiwa na waliomtangulia apakue Anki, programu ya kukariri kwa kadi za maswali na majibu. Ushauri huo ni sahihi. Kinachowamaliza watu ni mipangilio wanayorithishana pamoja nayo.

Unaandika swali upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili, nayo inakurudishia kadi unapokaribia kuisahau. Damien Elmes aliitoa mwaka 2006. Kwenye kompyuta na Android ni bure, na kadi zikishaingia husomi kwa bando. Kwenye iPhone ni dola 24.99, unalipa mara moja. Jihadhari na programu za kuiga zenye jina linalofanana. Ya kweli inaitwa AnkiMobile.

Sasa hesabu. Ikiwa haijaguswa, inakupa kadi mpya 20 na marudio (kadi za zamani zinazorudi) yasiyozidi 200 kwa siku. Kadi mpya 20 za kila siku, baada ya muda, huzaa marudio kama 200. Kwa sekunde 10 kila kadi, ni kama dakika 33. Pandisha hadi 80 ili uwahi kumaliza AnKing, mkusanyiko mkubwa wa kadi uliotengenezwa kwa mitihani ya Marekani, na utakuwa na marudio kama 800: zaidi ya saa 2 kila siku, hata siku uliyotoka zamu ya usiku wodini. Ukiruka siku 3, viporo ni 2,400.

Ile 200 ndiyo breki. Marudio yakiijaza, kadi mpya zinasimama zenyewe. Wengi wanaandika 9999, breki inaondoka, na kila asubuhi unafungua simu ukiwa umeshashindwa kabla ya kunywa chai. Uchovu, kuichukia kazi, kujiona hufai: dalili 3 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kwa uchovu wa kazini zinapata chakula hapo.

Washa FSRS, hesabu ya Anki ya kukadiria lini utasahau kadi, kwenye mipangilio ya mkusanyiko, lengo la kukumbuka liache 90%. Ukitaka 95% marudio yanaongezeka sana kwa faida ndogo. Ukisahau jibu, bonyeza "Again" (tena). Anayebonyeza "Hard" (ngumu) kwa kuona aibu anaiambia programu kwamba amekumbuka, na hesabu yote inaharibika.

Kadi zenyewe ziwe fupi. "Tiba ya malaria kali" ni kadi mbovu: majibu yapo sita, utakosa moja kila mara. "Artesunate ya sindano, mtoto chini ya kilo 20, mg ngapi kwa kilo?" Jibu ni 3. Kadi nyingine iulize aliye na kilo 20 au zaidi: 2.4. Nyingine saa za dozi 3 za mwanzo: 0, 12, 24. Hizo zitakusaidia kwenye mtihani na wodini pia.

Viporo vikishajaa, usifute mkusanyiko. Weka kadi mpya 0, marudio 150 kwa siku, simamisha mada ambazo huna mtihani wake karibuni, kisha lala. Usingizi ndio unaoimarisha ulichosoma. Kukesha ili kumaliza kadi ni kumwaga ulichosoma.

Na kama hulali hata ukiwa na nafasi, au umeanza kuona maisha hayana maana, hapo Anki haina msaada wowote. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au daktari wiki hii hii, usisubiri UE (mitihani ya chuo) zipite.