Al Ain kwa basi, kwenda na kurudi siku moja: tathmini ya safari isiyofika dirhamu mia

Wenzetu wengi wanaofanya kazi Dubai humaliza mkataba na kurudi nyumbani bila kuona kitu cha kale katika nchi ile, kwa kuwa wamekwishaamini kwamba matembezi yoyote pale yanataka mfuko mnene. Nami niliamini hivyo kwa miaka miwili, hasa baada ya kampuni moja ya matembezi kututajia bei ya siku moja ambayo ingemeza karibu robo ya mshahara wa mmoja wetu. Hatimaye tulikwenda wenyewe, watu watatu, Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, kwa basi la umma, na hakuna kati yetu aliyefikisha dirhamu 100 tangu kutoka hadi kurudi. Naandika tathmini hii nikiwa na yakini kwamba hiyo ndiyo njia bora ya kuuona Al Ain, mji wa mashamba ya mitende ulio bara mpakani na Oman, alimradi mtu apange siku yake kwa kufuata jua na asitake kumaliza kila kitu.

Basi letu lilikuwa E201, linalotoka kituo cha Al Ghubaiba, Bur Dubai. Nauli yetu ilikuwa dirhamu 25 kwenda na 25 kurudi, na hulipwa kwa kadi ya Nol, yaani kadi ya kulipia usafiri wa umma wa Dubai. Dereva hapokei fedha taslimu. Hapa ndipo pa kujiandaa mapema, kwa maana mwenzetu mmoja alikuta salio la kadi yake halitoshi, akarudi mashineni kuliongeza, na wakati anarejea basi lilikuwa limejaa, ikatubidi tungoje lililofuata. Viti vya mbele hutengewa wanawake na familia, na kula au kunywa ndani ya basi hakuruhusiwi, hivyo ni vyema kustaftahi kabla ya kupanda. Viti ni safi, kipoza hewa ni kikali kiasi cha kuhitaji shuka au koti, na mwendo ni wa takribani saa mbili. Ukikaa dirishani utaona mchanga ukibadilika rangi kadiri basi linavyoacha pwani, kutoka weupe uliofifia hadi wekundu kama wa matofali.

Jambo lililotupendeza kuliko yote kwa upande wa gharama ni kwamba kituo cha mabasi cha Al Ain kiko karibu sana na mashamba ya mitende yenyewe. Ukishuka huhitaji teksi; unatembea dakika chache tu, na kiingilio hakuna. Jina la mji kwa Kiarabu maana yake ni chemchemi, na mgeni huielewa maana hiyo mara tu anapopita lango la shamba: joto la barabarani hubaki nyuma, kivuli kinamfunika, na pua inapokea harufu ya udongo uliolowa. Shamba hili lina ukubwa wa hekta zipatazo 1,200 na mitende inayohesabiwa kuwa zaidi ya 147,000, ya aina zinazokaribia 100. Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza mashamba ya mitende ya Al Ain katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na makaburi na magofu ya Hafit, Hili na Bidaa Bint Saud, na hayo ndiyo maeneo ya kwanza ya Umoja wa Falme za Kiarabu kupata heshima hiyo.

Tulitenga saa tatu kwa ajili ya shamba, na kama ningepanga upya ningetenga nne. Njia za kupita ni nyembamba, zimetandikwa mawe na kuzungushiwa kuta za udongo, na nyuma ya kuta hizo kilimo kimepangwa kwa tabaka: mitende juu, miembe, milimau na migomba chini yake, na majani ya mifugo chini kabisa. Kinachoyaunganisha yote ni falaji, yaani mfereji unaoanzia mbali chini ya ardhi, kwenye maji yaliyohifadhiwa na miamba ya upande wa milimani, na kuteremka kwa mwinamo mdogo sana hadi maji yatokeze yenyewe juu ya ardhi bila kuvutwa na chombo chochote. Wanaakiolojia wamekuta katika eneo la Al Ain falaji zenye umri wa miaka ipatayo 3,000. Siku hizi maji ya chini yameshuka sana na visima vya pampu vinasaidia, lakini ugawaji wake mashambani bado unaonekana kwa macho.

Tulisimama mahali mfereji ulipogawanyika mara mbili. Mfanyakazi mmoja wa shamba alikuja pekupeku, akainama, akachomoa kitambaa kilichofungiwa jiwe kutoka kwenye tundu la ukuta, akakihamishia tundu la pili, akaondoka. Maji yalisita kidogo, yakapanda ukingoni, kisha yakapenya chini ya ukuta na kuanza kutambaa kutoka shina hadi shina, yakisukuma mbele yake makumbi makavu na vumbi. Mzee aliyekuwa ameketi kivulini, ambaye alitusikia tukizungumza, alitushangaza kwa Kiswahili cha Unguja.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mnatazama zamu ya maji?" Akatueleza kwamba wazee wake walioko upande wa Oman, ng'ambo tu ya mpaka, waligawiana falaji kwa muda na si kwa kipimo cha chombo; mchana walihesabu kwa kivuli na usiku kwa nyota. Alitunyooshea kidole pia vishada vya maua vilivyofungwa kwa ukuti juu ya mitende: ni maua ya mtende dume, ambayo mkulima hupanda nayo mwenyewe na kuyafunga kwenye mtende jike, maana upepo peke yake hauaminiki. Kazi hiyo hufanyika majira hayo hayo tuliyokwenda, na anayetaka kuona tende zenyewe zikining'inia asubiri miezi ya kiangazi, akivumilia joto lake. Mimi nachagua Februari bila kusita.

Saa sita jua lilipokuwa utosini tulihamia ngome ya Al Jahili, kwa teksi tuliyochangia. Ngome hii ilianza kujengwa mwaka 1891 kwa amri ya mtawala wa Abu Dhabi, Sheikh Zayed bin Khalifa, aitwaye Zayed wa Kwanza, nayo ndiyo iliyochorwa kwenye noti ya zamani ya karatasi ya dirhamu 50. Kuingia ni bure. Mnara wake wa duara una tabaka nne, kila moja nyembamba kuliko iliyo chini yake, na kuta za matofali ya udongo ni nene kiasi kwamba ndani palikuwa na ubaridi wa mtungi ingawa uani hapakukanyagika. Hiyo ndiyo sababu ya kuiweka saa za adhuhuri. Ndani kuna maonyesho ya picha za Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka jangwa la Rub' al Khali katika miaka ya 1940 na ambaye wenzake wa safari walimwita Mubarak bin London. Picha nilizozikazia macho ni za vijana wa Kibedui waliomwongoza, kwa sababu bila wao asingefika popote, na nilifurahi kuona majina yao yameandikwa. Angalieni siku ya kwenda: Jumatatu imezoeleka kuwa siku ya kufungwa, na Ijumaa milango hufunguliwa alasiri.

Chakula cha mchana tulikula katika mkahawa mdogo wa Kihindi karibu na kituo, wali, dengu na samaki kwa dirhamu 18, na chai ya maziwa kwa dirhamu mbili. Baada ya hapo tuliingia makumbusho ya kasri la Al Ain, nyumba iliyojengwa mwaka 1937 na aliyoishi Sheikh Zayed bin Sultan, mwasisi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, hadi alipohamia Abu Dhabi mwaka 1966. Nayo haina kiingilio. Ni nyumba nzuri ya vyumba vingi na ua wa mitende, ila baada ya ngome nilihisi narudia, na anayependa mambo ya kale zaidi ningemshauri atumie saa hiyo kwenda Hili, kaskazini mwa mji, kwenye kaburi kubwa la mawe la miaka 4,000 hivi lenye michoro ya watu na choroa.

Mlima Jebel Hafeet tuliuacha makusudi. Una urefu wa mita zipatazo 1,249 na barabara yake inasifiwa sana, lakini bila gari lenu itabidi teksi iwapandishe, iwasubiri na kuwateremsha, na gharama hiyo peke yake inazidi matumizi mengine yote ya siku. Wenye gari la kuchangia wapande wakati wa machweo.

Kurudi, msichelewe. Tulifika kituoni saa kumi na nusu jioni na tayari mstari ulikuwa mrefu, tukapanda basi la pili. Nilikuwa na kilo moja ya tende za aina ya khalasi kwenye mkoba, dirhamu 15, na salio la kadi lililotosha nauli ya kesho yake kwenda kazini.