Plagi za 35,000 kwenye Noah ya mwaka 1999, kilomita 31,000 baadaye

Wenye Noah za pua mnisamehe, hapa naongelea ile ya zamani, SR40, ambayo injini yake inakaa chini ya viti vya mbele. Yangu ni ya mwaka 1999, injini 3S ya petroli. Aliiacha marehemu mume wangu, na leo ndiyo gari la familia na ndiyo gari la kazi: Jumatatu hadi Alhamisi inabeba wajukuu kwenda shule, Ijumaa na Jumamosi inabeba masufuria, maana mimi ni mpishi wa shughuli hapa Nyakato, Mwanza. Kubadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, kwenye gari hii si kufungua boneti. Unashusha watu, unatoa vilivyofichwa chini ya kiti (kwangu ni kanga mbili, mwiko mkubwa na kopo la Blue Band), unakunja zulia, unafungua lachi, unainua kiti. Joto linalokupokea humo unaweza kuivishia ndizi. Plagi zenyewe ziko ndani ya mashimo marefu katikati ya kava ya tapeti (mfuniko wa juu wa injini), huzioni mpaka umechomoa waya. Ndiyo maana nilitaka plagi za kudumu. Plagi yenyewe si ghali kivile, kinachochosha ni kuifikia.

Mwishoni mwa 2023, daraja la Kigongo–Busisi likiwa bado linajengwa, tulivuka kwa kivuko na masufuria manne ya pilau, harusi Sengerema. Kivuko kikagusa Busisi, magari yakaanza kushuka moja moja. Zamu yangu ilipofika nikakanyaga mafuta kupanda ule mwinuko wa kutokea majini, Noah ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Inamisi. Silinda moja imelala, tatu zinahangaika, nyuma yangu lori linapiga honi. Vijana wangu wawili wakashuka wakasukuma. Mmoja akaniambia, "Mama, pilau hili tungelijitwika kichwani tungekuwa tumeshafika."

Kilichoniuma ni kwamba plagi zilikuwa mpya. Miezi mitano nyuma nilizinunua kwenye duka moja la spea mjini, 12,000 kila moja, boksi la kupendeza lenye jina la Kijapani na neno iridiamu kwa rangi ya dhahabu. Muuzaji alinihakikishia kwa kiapo: "Mama, hizi utawaachia wajukuu."

Fundi wangu wa Mabatini alipozitoa alicheka kwanza, ndipo akanionyesha. Ile washa (pete ya chuma) ya shingoni aliizungusha kwa vidole ikapanda kwenye nyuzi za kufungia mpaka ikatoka yenyewe. Ya orijino haitoki kirahisi hivyo, imebanwa palepale kiwandani. Maandishi kwenye kaure nyeupe yalikuwa na ukungu, kama muhuri uliopigwa kwa wino uliokauka. Pale kwenye pembe sita za kushikia spana, plagi halisi huwa imegongwa namba ndogo za toleo. Zangu zilikuwa laini kama kijiko. Na ule mguu uliokunjwa juu ya sindano ya katikati ulikuwa umeenda upande, plagi zote nne, kila moja kwa upande wake. Nilirudi dukani nazo kwenye mfuko. Jibu nililopewa mnalijua: kitu cha umeme kikishatoka dukani hakirudi. Sikugombana, nilikuwa na nyama ya kuchemsha nyumbani.

Ila niwe mkweli, lawama zote si za plagi. Silinda ya tatu kutoka mbele, fundi alipochomoa waya, kofia ya ule waya ilitoka imelowa oili kama sambusa ya jana. Shimo la plagi lilikuwa na oili imesimama. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la umri huu alijue kabla hajatoa pesa: tazama oili iko wapi. Ikiwa juu, kwenye kaure nyeupe na kwenye kofia ya waya, basi ni zile sili za mashimo ya plagi kwenye kava ya tapeti zimekakamaa kwa uzee. Unabadilisha sili, unafuta shimo, yamekwisha. Ikiwa chini, kwenye ncha inayotoa cheche, basi injini yenyewe inakunywa oili, ni ringi za pistoni au sili za valvu, na hata ufunge plagi ya dhahabu itaziba masizi. Yangu ilikuwa juu. Nilipumua.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana hapa ndipo watu tunaibiwa bila hata feki kuhusika.

Plagi inakufa kwa kulika. Kila cheche inang'oa punje ndogo ya chuma, ncha inapoteza pembe zake, nafasi kati ya sindano na mguu inapanuka, koili inayotengeneza umeme wa cheche inalazimika kusukuma umeme mkali zaidi kuivuka. Mwisho siku ya mzigo na mlima inashindwa. Plagi ya kawaida ina ncha ya nikeli, chuma kinachoyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455 hivi. Iridiamu inavuka 2,400, ndiyo maana inaweza kuchongwa nyembamba sana, milimita 0.4 kwa zile za Denso, isiishe upesi. Mpaka hapo muuzaji yeyote atakuhubiria. Asichokuhubiria ni kwamba cheche ina miguu miwili: inatoka kwenye sindano, inatua kwenye mguu, na mguu nao unalika.

Kwa hiyo zipo iridiamu za namna mbili. Denso wenyewe, kule Japani, wanaiuza Iridium Power, ambayo sindano yake ni iridiamu lakini mguu ni nikeli, na wanasema ibadilishwe kwenye kilomita 20,000 hivi, yaani sawa na plagi ya kawaida. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya cheche nzuri, kudumu si kazi yake. Ya kudumu ni Iridium Tough, ambayo mguuni imechomelewa kipande cha platinamu, nayo wanaipa kilomita 100,000 kwa magari ya kawaida. NGK nao ni hivyohivyo, Iridium IX iko kundi la kwanza, na wana nyingine za kundi la pili. Dukani zote zinaitwa "iridiamu" na zinapangwa rafu moja. Mimi sasa nikishika plagi naigeuza, natazama upande wa ndani wa mguu, pale panapoelekea sindano. Kama kuna kidoa cha chuma cha rangi tofauti, kidogo kuliko punje ya mtama, hiyo ni ya kudumu. Kama ni chuma kitupu, bei ya kudumu silipi.

Namba zilizoandikwa kwenye plagi nazo zina maana. Kwenye Denso, 20 ni kiwango cha joto, na inalingana na 6 ya NGK; namba ikishuka plagi ni ya moto zaidi, ikipanda ni ya baridi. (Bosch wanahesabu kinyume, usichanganye.) Herufi R ni kizuizi cha ndani kinachozuia redio na kompyuta ya gari visipate mikwaruzo ya umeme. Ikiishia na 11, nafasi yake ni milimita 1.1. Duka la pili nililoingia walinipa za 16 badala ya 20: "Ni zilezile, mama." Nikawaambia asanteni. Urefu wa nyuzi ndio usiofanyiwa mzaha kabisa. Ndefu kupita kiasi inaweza kugongana na pistoni, fupi inajificha ndani na kujaa masizi. Dawa ni rahisi: nenda na plagi iliyotoka kwenye gari lako mkononi, na kama waliokutangulia walifunga chochote walichokipata, fuata kitabu cha gari.

Hizo Iridium Tough nilizipata duka la tatu. Kijana wa pale aliniamkia, akanivutia kiti, akafungua boksi zote nne mbele yangu bila kununa nilipokuwa nazungusha washa moja moja na kuchungulia mguu. 35,000 kila moja. Alikuwa na mbili tu; nyingine mbili zilikuja kwa basi kutoka Dar, siku tatu. Jirani yake akaniita pembeni, ana iridiamu za mtumba zilizotolewa kwenye injini za Japani, 10,000. Zilikuwa halisi, sikatai, lakini plagi ya mtumba ni kama kiberiti cha kuazima, hujui zimebaki njiti ngapi. Risiti ya EFD nilipewa bila kuomba.

Kufunga ilikuwa Jumatatu alfajiri, injini ikiwa baridi, kwa sababu kichwa cha injini ni alumini na plagi ikitolewa kwenye moto inaweza kuondoka na nyuzi zake. Fundi alipuliza mashimo kwa upepo kwanza, mchanga usidondokee ndani. Halafu tukabishana mara tatu. Alitaka kugonga mguu kwenye sakafu apunguze nafasi. Nikakataa, imeshapimwa kiwandani, na sindano ya milimita 0.4 haigongwi. Alitaka kupaka grisi kwenye nyuzi. Nikakataa, nyuzi zimepakwa madini tayari, na ukilainisha utakaza kupita kiasi bila kujua. Akaniambia, "Mama, mimi nimeanza kufunga plagi wewe hujajua hata kuwasha gari." Nikamwambia ni kweli, fundi, ila hizi nimelipia mimi.

Cha tatu alishinda yeye, na namsifia. Alichukua kipande cha mpira wa petroli, akachomeka kichwa cha plagi kwenye ncha yake, akaizungusha ndani ya shimo kwa vidole tu. Nyuzi zikienda mshazari mpira unateleza, haulazimishi kama spana. Ilipogota kwa mkono, ndipo akaweka soketi na kuongeza nusu mzunguko na kidogo, akaacha. Plagi mpya yenye washa inataka hivyo, kati ya nusu na theluthi mbili ya mzunguko.

Matokeo? Asubuhi inawaka stata ya kwanza, ikisimama taa nyekundu haitetemeki tena, na kupanda Bugando na watu wanane sizimi tena feni nikidhani inasaidia. Mafuta nayaona yaleyale, labda yamepungua kidogo kulinganisha na kipindi ilipokuwa inamisi, ila hilo lingetokea kwa plagi yoyote nzima. Akikuuzia mtu iridiamu kwa ahadi ya mafuta, mwache na ahadi yake.

Mwezi uliopita, kilomita 31,000 tangu zifungwe, nilimwambia fundi anitolee ya pili na ya nne nizione. Kaure ya ncha ina rangi ya chai ya maziwa, sindano bado ina pembe, kidoa cha platinamu kipo. Tukapitisha geji, nafasi haijapanuka kwa kiasi cha kuonekana. Zikarudi zilipotoka.

Hesabu ya mpishi ni hii. Za nikeli halisi nilikuwa nanunua 8,000, nne ni 32,000, ufundi 20,000, jumla 52,000 kila kilomita 20,000. Mara tano ni 260,000, na siku tano ambazo sijapika. Hizi ni 140,000 na ufundi 20,000, jumla 160,000, zikifika kilomita laki moja. Hata zikiishia kilomita 70,000 sina hasara, maana za nikeli kufika hapo ningekuwa nimetoa 182,000. Lakini kama injini yako inakunywa oili, au unaiuza Noah mwakani, nunua nikeli halisi ukapumzike. Na kama fundi wako ni wale wa kupiga plagi msasa kila mwezi, usimpe iridiamu, ataimaliza ile ncha kwa mkono.

Nazipa nyota nne. Ya tano nimeishikilia kwa sababu ya zile siku tatu za kusubiri basi, na kwa sababu mjini hapa inabidi uwe mpelelezi ndipo uuziwe kitu halisi.

Jumamosi hii nina shughuli Sengerema tena, safari hii napita juu ya daraja, masufuria sita. Zile feki nne sikuzitupa. Ziko kwenye lile kopo la Blue Band chini ya kiti, na mjukuu wangu wa miaka minne akichoka njiani nampa apange mstari, anasema ni askari. Kwa hiyo yule muuzaji wa kwanza hakunidanganya yote.